Kwa Nini Kiti Chetu Kilikaa Upande wa Kilatini

Nyumba ya Fundi Bomba,
Nyuma ya duka la dobi.
Jumapili, tarehe 14 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu, nyingi kuliko mashuka ya Jumatatu pale kazini kwangu. U hali gani huko uliko? Miguu je, bado inakuvimba ukitoka zamu? Kaka yako alisema mara ya mwisho kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nikamwambia wauguzi wote wana sauti hiyo, wamezoea kunong'ona wodini. Lakini moyoni nilibaki na wasiwasi. Tafadhali kula, wifi, na usile ukiwa umesimama.

Sisi hatujambo kabisa. Mtoto mdogo ameota meno mawili ya chini na ameshaanza kuyafanyia majaribio, na wa kufanyiwa ni mimi. Anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, ila akicheka huanguka chali, kisha huanza kucheka upya kwa sababu ameanguka. Dada yake naye anarefuka tu. Sketi yake ya shule nimeishusha pindo mpaka sasa hakuna pindo tena, imebaki nguo na Mungu.

Ile dawa ya kifua uliyotuma ilifika salama. Mama mkwe amepata nafuu na anasema ni maombi yake. Tumemwachia.

Sasa wifi, kaa chini. Najua kaka yako ameshakupigia, au atakupigia, na atakuambia kwamba mke mliyemuoa amemwaibisha mbele ya ukumbi mzima. Ndiyo maana nimeikimbilia kalamu. Anayewahi kisimani huteka maji kabla hayajavurugwa. Nisikilize mimi kwanza, halafu umsikilize na yeye, maana naye ana yake.

Sijui kama habari hizi zimefika huko. Hapa tangu mwaka uanze watu hawana mazungumzo mengine ila Kilatini. Ukitusikia utadhani mtaa mzima umekwenda upadre. Unakumbuka watoto wa sekondari hufundishwa lugha moja ya kale, shule nyingine Kigiriki cha zamani, yetu Kilatini. Basi Waziri alisimama bungeni akasema nchi haiwezi kuendelea kwa kulisha maiti, vipindi hivyo wapewe watu wa ufundi. Wapinzani wakamrukia, wakasema anataka watoto wa maskini wawe mikono bila vichwa, na wanawe mwenyewe wanasoma Kilatini hichohicho kwenye shule za kulipia. Ikawa kelele, redioni kelele, magazetini kelele. Mwisho serikali ikaona bora iepuke lawama, ikasema kila shule wazazi waamue wenyewe. Mzigo ukaja kutuliwa mlangoni kwetu.

Pale kwa dobi meza yangu ya pasi iko karibu na kaunta, kwa hiyo sikosi kitu. Siku moja wakili alileta joho lake akasema mtoto asiyejua Kilatini hawezi kuielewa sheria. Nyuma yake alikuwa muuza nyama, amefuata aproni zake.

"Wakili," akasema, "wewe Kilatini unakitaka ili mteja asijue saa ngapi unamla. Mimi ng'ombe wangu namuuza kwa lugha inayoeleweka na kila mtu."

"Na ng'ombe naye anaielewa?" dobi akauliza.

Tulicheka nusura niunguze kola ya watu.

Mwalimu mwenyewe wa Kilatini watoto wanamwita Mwalimu Marehemu. Haumwi hata mafua, anaendesha baiskeli kutwa, ila ndiyo hivyo, anafundisha lugha ya waliokufa. Naye anajua. Akichelewa darasani husimama mlangoni akasema, "Marehemu amefika, kaeni." Ni mtu wa namna hiyo.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Diwani alimwita kaka yako akamwambia kwamba wazazi wakikiondoa Kilatini, chumba kile cha mwisho shuleni kitageuzwa karakana ya mabomba, na mwalimu wa karakana atakuwa yeye. Kazi ya kudumu, wifi. Mshahara wa kila mwezi, na asiwe tena mtu wa kuitwa sikukuu aache sahani yake akazibue vyoo vya watu. Ungemwona! Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Nilimkuta mbele ya kioo ameshika kifungio cha bomba, anasema, "Vijana, hii inaitwa valvu." Nikarudi nyuma kimyakimya ili asijue nimemwona. Kwa hiyo usifikiri sikujua alichokuwa anakitaka. Nilikijua, na nilikitaka na mimi, kwa ajili yake.

Lakini kuna binti yetu.

Kigugumizi chake unakijua. Alipokuwa mdogo tulisema kitamtoka akikua. Hakikumtoka, aliyetoka ni yeye, alitoka kwenye mazungumzo. Shuleni walimpachika jina la Redio Mbovu. Akiulizwa swali darasani anasema hajui hata kama anajua, kwa sababu "sijui" kwake ni rahisi kulisema kuliko jibu. Na hapa nyumbani sisi ni watu wa maneno ya mbio, unatujua. Kaka yako kwa kumpenda humalizia. Mtoto akianza, "Baba, naomba m-m-m," yeye anamrushia, "Maji? Mkate? Mfuko?" kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli la jirani. Mpaka mtoto achoke, akubali mojawapo. Siku moja nilimwona amepewa mkate, akaupokea, akasema asante, akaenda nao chumbani. Nilipomfuata nikamkuta anakata karatasi kwa meno. Alikuwa anataka mkasi.

Basi mwezi wa kwanza mvua ilinyesha sana, nikabeba mwamvuli na mdogo wake mgongoni nikaenda kumngoja. Chumba cha Kilatini kiko mwisho kabisa, karibu na stoo ya madawati. Nikajikinga chini ya dirisha. Ndani mtoto mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, polepole, imenyooka. Nikajisemea, huyu mtoto ana raha. Nikachungulia. Wifi, alikuwa wetu.

Si kwamba kigugumizi kilikuwa kimepona, hapana. Alikwama mara mbili tatu. Lakini mle ndani kila mtu hukwama. Wote wanasoma neno mojamoja kama wanaochambua mchele, hakuna mjuzi wala mwenye mbio, na hakuna anayejua lugha hiyo ikisemwa haraka inasikikaje, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Aliyekaa naye alipochelewa, Mwalimu Marehemu akasema, "Taratibu. Wenye lugha yao wameshakufa, hawana haraka na sisi." Binti yetu akakwama, akatulia, akaendelea. Hakuna kichwa kilichogeuka. Machozi yalinitoka pale, na yule wa mgongoni anavuta hereni yangu. Nikarudi getini nikamngojea huko, nikajifanya ndio kwanza nafika.

Nilimwambia kaka yako. Akasema kama anaweza kusoma Kilatini basi atasoma na mengine, tatizo liko wapi. "Na mimi mbona namwelewa vizuri?"

Nikamwambia, "Humwelewi, baba watoto. Unambahatisha."

Najua neno hilo lilimchoma. Sikulirudia, lakini sikulifuta.

Mkutano ulipokaribia, mtoto akanifuata nikiwa naanua nguo. Akasema, "Mama, u-usiniseme kule." Aliogopa nisije nikasimama mbele ya wazazi wa wenzake nikaanza hadithi za mdomo wake. Nikamwahidi. Kwa hiyo wifi, elewa kwamba nilikwenda mkutanoni na sababu moja tu, na hiyo moja sikuruhusiwa kuitoa.

Ukumbi wa shule hauna viti vya kutosha, kila nyumba huja na kiti chake. Na kwa kuwa zamani watu walikuwa wananyoosha mikono miwili, na watoto wao wananyoosha, mwenyekiti wa wazazi aliamua kura zihesabiwe kwa viti. Nyumba moja, kiti kimoja. Wanaotaka Kilatini kibaki waweke viti upande wa madirishani, wanaotaka karakana waweke upande wa mlangoni. Sisi tulitoka nyumbani na kiti chetu cha jikoni, kaka yako amekibeba begani, mimi nimembeba mtoto, na njia nzima tunazungumzia bei ya mkaa. Kila mmoja wetu anaamini mwenzake atalegea tukifika.

Pale mlangoni Diwani akamdaka mkono akamvuta akasalimie wakubwa. Kaka yako akanikabidhi kiti. "Kishike," akasema.

Nikakishika. Nikakipeleka moja kwa moja madirishani, nikakiweka, nikakikalia. Watu watakuambia nilifuata upepo kwa ajili ya mtoto. Usiwasadiki. Nilijua vizuri upande ule ni upande gani. Ila mtoto naye, Mungu amjalie, papo hapo akaanza kulia njaa, nikajitanda mtandio nikamnyonyesha.

Kaka yako akaja, amejiinamia. "Mama watoto, inuka tuhamishe kiti."

"Mtoto ananyonya."

"Akimaliza?"

"Akimaliza hili kuna la pili."

Wanawake wa mstari wa nyuma wakaangua kicheko. Muuza nyama akapiga kelele kutoka mlangoni, "Fundi, bomba hilo huna spana yake!" Ukumbi wote ukavunjika mbavu. Kaka yako alisimama pale, na shati lake nililolipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Hiyo ndiyo aibu atakayokuambia, na ni kweli, ilikuwa aibu. Nilimwonea huruma. Lakini sikuinuka.

Diwani akaona anipatie nafasi ya kuumbuka. Akasema kwa sauti ya mkutano, "Mama, hebu tuambie, mtoto wako atakula Kilatini?"

Jibu lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Na nje ya dirisha, nyuma ya bega langu, watoto walikuwa wamejazana kusikiliza, na wetu akiwemo. Nikalimeza. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi napiga pasi. Shule niliishia msingi, Kilatini sijui hata neno. Ila mwanangu ana kitu kimoja shuleni anachokwenda nacho bila kusukumwa, na ni hicho. Ukimletea na karakana nitashukuru, mwenye karakana ni mume wangu, hakuna fundi kama yeye. Lakini sitabadilishana."

"Mama anasema anakipenda!" Diwani akawaambia wa mlangoni, wakacheka. Wacheke. Nimeshachekwa na watu wenye nguo safi zaidi ya zake, na mimi ndiye niliyezipiga pasi.

Mwenyekiti akaanza kuhesabu, akafika kwetu, akamwona kaka yako amesimama katikati hana upande. "Fundi, nyumba yako iko wapi? Naandika."

Kaka yako akakitazama kiti, akanitazama na mimi. Angeweza kusema, mama, toka hapo, na pengine ningetoka, sijui. Akasema, "Nyumba iko pale kiti kilipo." Halafu akatoka nje. Hakuja upande wangu, wifi, nisikudanganye. Alitoka tu.

Madirishani walizidi kwa viti viwili. Piga hesabu mwenyewe: chetu kingekaa mlangoni wangelingana, na wakilingana anaamua mwenyekiti, na mwenyekiti ni shemeji yake Diwani. Kwa hiyo usimwache mtu akuambie kiti chetu hakikuwa na kazi.

Karakana imepelekwa shule ya ng'ambo ya daraja. Na mwalimu wake ni yule kijana ambaye kaka yako mwenyewe alimfundisha kukata bomba. Hilo linaniuma mpaka leo, sikufichi. Yeye hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Alikuwa mpole kama mgeni. "Asante kwa chakula, mama." "Lala salama, mama." Na ndevu akaziacha ziote.

Sasa Alhamisi iliyopita, sinki letu la jikoni. Unalijua, linavuja tangu enzi zako, maana fundi bomba nyumbani kwake ndiko kunakovuja. Nilikuwa nimeshachoka kubadilisha ndoo. Kaka yako bila kuambiwa akaingia chini ya sinki, akamwita binti yake amshikie tochi. Mtoto akaja na tochi mkono mmoja, karatasi yake ya Kilatini mkono wa pili, kwa sababu kesho yake walitakiwa kusoma mbele ya darasa. Mimi nilikuwa chumba cha pili nakunja nepi, mlango uko wazi. Kaka yako simwoni, naona miguu yake tu.

Mtoto akaanza kusoma. Akaenda, akaenda, akakwama. Nikasubiri baba yake arushe neno kama kawaida yake. Kimya. Nikatambua: hana neno la kurusha! Atabahatisha nini, na hajui hata mwanzo wake? Akalala pale chini na spana yake, hana la kufanya ila kungoja. Mtoto akapita. Akakwama tena, akapita tena. Sijui kama kaka yako katika maisha yake amewahi kumsikiliza mtu kwa muda mrefu namna ile.

"Imeisha?" akauliza.

"Bado."

"Endelea."

Alipomaliza akamuuliza inahusu nini. Mtoto akamwambia ni kisa alichokitunga Mwalimu Marehemu kwa ajili ya mazoezi, mtu alijenga nyumba nzuri, akapaka na rangi, halafu wageni walipofika akagundua amesahau kuweka m-m-m-

Wifi, hapo kilikuwa Kiswahili chetu. Hapo neno analo. Niliona vidole vya miguu vya kaka yako vimejikunja kama mtu anayechomwa sindano. Nepi ikaniganda mkononi. M-m-m. Vidole vimejikunja. Hakusema kitu.

"-mlango," mtoto akasema.

Chini ya sinki kicheko kikalipuka, mpaka akagonga kichwa kwenye bomba. "Fundi gani huyo!" anasema, anajishika paji. "Aliingia wapi kupaka rangi?" Na mtoto akamjibu, tena kwa ubishi, kwamba alipakia nje. Wakabishana juu ya nyumba isiyo na mlango mpaka maji yakachemka na kukauka jikoni, na mimi sikwenda kuepua.

Tangu siku hiyo anajitahidi. Si kila mara anaweza, kuna wakati namwona ameuma mdomo, na mezani chakula kinapoa. Lakini tumegundua jambo ambalo hatukulijua: mtoto wetu ni mbishi. Ana maoni juu ya kila kitu, juu ya uji wangu, juu ya Waziri, juu ya jinsi mdogo wake anavyofungwa nepi. Amefanana na wewe mtupu. Tulikuwa na mtu mzima humu ndani hatujui.

Kazi nayo itapatikana. Muuza nyama, yule yule wa spana, amemwita amfungie mabomba ya bucha jipya, na dobi anataka matangi yake yote yabadilishwe. Si mshahara, lakini mikono yake ipo na watu wanaijua. Jana amenyoa ndevu. Na wanasema mwakani mambo ya Kilatini yatarudi tena bungeni. Yarudi tu. Mtaani petu yatatukuta.

Sasa ombi langu, na ndilo nililoandikia barua yote hii. Sitaki umkaripie kaka yako wala umpoze, hilo niachie mimi. Ninachotaka ni hiki. Ukipiga simu Jumapili ijayo, binti atashika yeye. Amesema mwenyewe anataka kuzungumza na shangazi yake, anataka kukuuliza kazi ya uuguzi ikoje, na maswali yake ameshayapanga. Na wewe wifi, nakupenda, lakini ugonjwa wa kumalizia maneno ya watu ni wa ukoo wenu mzima, mmenyonya wote kwa mama mmoja. Usimpe neno. Usimwambie "nimeshakuelewa, mwanangu." Ukisikia kimya usianze "haloo, haloo," ukakata ukapiga upya. Simu haijakatika. Ni yeye yuko njiani anakuja.

Mama mkwe anakusalimu sana, na anauliza umevaa soksi. Mdogo wako wa mwisho anakusalimu, amepata leseni ya kuendesha malori na sasa anatembea kama lori. Dobi anakusalimu. Wanawake wenzangu wa mezani pa pasi wanakusalimu, wanasema ukija waje wakuone viatu. Kaka yako anakusalimu pia, ingawa hajui kama nakuandikia. Mtoto mdogo nimemshikisha kalamu akusalimu, ndiyo hiyo mistari ya pembeni na huo unyevu.

Mungu akulinde uendapo kazini na urudipo, awape nafuu wagonjwa wako nawe upate kulala, na miguu yako aitazame kwa jicho la huruma.

Ni mimi wako akupendaye kwa dhati,
wifi yako, mama wa hao wawili.